Wiki ya Kusaka Kamusi Kuukuu Dar es Salaam

Jumatatu: Stesheni, kisha Posta

Treni ya asubuhi kutoka Morogoro imenishusha Dar es Salaam mapema, kabla joto halijakaza. Begi ni jepesi: daftari, penseli, kioo cha kukuzia maandishi, brashi laini ya kupangusia vumbi, na vipande vya khanga kuukuu vya kufungia vitabu. Likizo hii ya shule nimeitenga kwa jambo moja tu, kusaka kamusi za zamani za Kiingereza katika jiji hili.

Mtu akisikia nakusanya kamusi za Kiingereza, kama ni msomaji, hunitajia Samuel Johnson. Ana haki. Kamusi ya Johnson ilitoka London tarehe 15 Aprili 1755, juzuu mbili kubwa zenye vidahizo, yaani maneno yanayoelezwa, zaidi ya 42,000, kazi ya takriban miaka tisa akisaidiwa na waandishi sita. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 2,000, na bei yake pauni 4 na shilingi 10, fedha ambayo mfanyakazi wa kawaida wa London hakuwa nayo. Kuna ya zamani zaidi: Robert Cawdrey alitoa kitabu chake cha maneno kama 2,500 mwaka 1604, na chapa ile ya kwanza imebaki nakala moja tu duniani, iko Oxford. Hivyo ni vitabu vya minada na vya makabati ya vioo. Sivitafuti.

Natafuta vingine. Sultani Majid alipoanza kuujenga mji huu miaka ya 1860, Johnson alikuwa amelala kaburini karibu miaka themanini. Kiingereza chenyewe kilishika ofisi za hapa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, Wajerumani walipoondoka. Kwa hiyo kamusi ya Kiingereza yenye historia ya Dar es Salaam ni ya mkoloni Mwingereza, ya karani wake, ya mmisionari, ya mfanyabiashara wa Kihindi, ya mwalimu wa Kiafrika na ya mwanafunzi wake. Ninazozitaka ni hizo zilizofanya kazi hapa. Nakala safi iliyokaa kwenye sanduku Uingereza miaka 80 naiheshimu, lakini haina habari ya kunipa kuhusu sisi.

Wauza vitabu vya mitumba wa Posta wamepungua. Tangu machinga walipopangwa upya mwaka 2021, wengine wamehamia masokoni, wengine wameacha. Waliobaki wanatandika turubai kando ya njia pale wanapoachiwa nafasi, vitabu vya hesabu za kidato cha nne juu, riwaya za Kimarekani kati, na chini kabisa vile vizito visivyouzika. Kamusi siku zote ziko chini.

“Karibu mwalimu,” kijana mmoja akaniita. Sikumwambia kazi yangu. Pengine miwani ilimwambia. “Unatafuta somo gani?”

“Kamusi za zamani. Zile ambazo hakuna anayeziuliza.”

Akacheka, akainama, akavuta kutoka chini kitabu kinene cha jalada la bluu lililopauka. Kilikuwa kamusi ya A. S. Hornby, toleo la pili, la mwaka 1963. Kila aliyesoma sekondari nchini enzi za Mwalimu anaijua familia ya kamusi hii hata kama hamjui Hornby mwenyewe. Alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, na kamusi yake ya kwanza ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto. Oxford waliichapisha upya mwaka 1948 kwa jina la *A Learner’s Dictionary of Current English*, na mwaka 1952 wakaongeza neno *Advanced* kwenye jina. Kwa mkusanyaji, mpaka uko hapo: nakala isiyo na *Advanced* kwenye ukurasa wa jina ni ya miaka ile ya kwanza. Bado sijaishika hata moja.

Kijana alitaka elfu ishirini. Nikafungua, nikahesabu viambatisho vya nyuma, nikatazama herufi A na herufi Z. Kamusi hufa kuanzia miisho yote miwili: kurasa za A huchanika kwa kufunguliwa, za Z kwa kuburuzwa mezani, na katikati, huko M na N, karatasi hubaki kama ilivyotoka kiwandani. Hii ilikuwa kamili. Tukamalizana kwa elfu kumi na mbili.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha jambo ambalo nadhani kila muuza vitabu angefaa kulijua, kwa sababu litampa bei. Vitabu vya Oxford vilivyochapwa London huwa na jina la mkuu wa uchapishaji chini ya ukurasa wa jina. Ukikuta Humphrey Milford, kitabu ni cha kati ya 1913 na 1945. Ukikuta Geoffrey Cumberlege, ni cha 1945 hadi 1956. Na anwani ya Amen House peke yake inatosha kukwambia kwamba ni kabla ya katikati ya miaka ya 1960, maana baada ya hapo walihamia Ely House. Aliandika majina yale mawili kwenye simu yake.

Nalala kwa dada yangu, Magomeni.

Jumanne: Upanga

Mwalimu mwenzangu alikuwa amenielekeza kwa mama mmoja wa Kihindi anayeishi Upanga, kwenye ghorofa za zamani, ambaye anapunguza vitu vya marehemu mumewe. Mume alikuwa mhasibu wa kampuni za meli. Nilipanda ngazi, nikabisha, nikaamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, pita. Wewe ndiye wa kamusi?”

Kiswahili chake ni cha mtu aliyezaliwa hapa mjini na hajawahi kuondoka. Alinikalisha, akaleta chai ya maziwa yenye iliki, na kabla ya kuniruhusu kugusa kabati alitaka kujua ninazifanyia nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mumewe alikuwa na tabia ya kusoma kamusi usiku, ukurasa mmoja, na akimaliza anapiga nukta ndogo kwa wino kwenye kona ya chini.

Nukta zipo. Nilizikuta kwenye kamusi ya Chambers, ile ya *Twentieth Century* ambayo ilitoka kwanza mwaka 1901 na ikaendelea kuchapwa na kurekebishwa kwa miongo mingi. Nakala hii ilirudiwa kuchapwa baada ya vita kuu ya pili. Nukta zinaanza A, zinakwenda bila kukosa, wino unabadilika kutoka bluu kuwa mweusi na kurudi bluu, na zinakoma katikati ya herufi S. Mama hakuniuzia hiyo, na nisingethubutu kumsisitiza.

Alichonipa, kwa bei aliyoipanga mwenyewe na ambayo sikuijadili, ni kamusi nene ya Webster na kijikamusi cha mfukoni cha Kigujarati na Kiingereza. Kuhusu Webster nataka nieleze, maana wengi hudanganyika. Noah Webster alitoa kamusi yake kubwa ya Marekani mwaka 1828, akiwa karibu na miaka sabini, yenye vidahizo kama 70,000. Alipofariki mwaka 1843, ndugu wawili wa familia ya Merriam walinunua haki zake na wakaendelea nayo. Lakini jina lenyewe “Webster” halikubaki mali ya mtu mmoja. Huko Marekani mchapishaji yeyote anaweza kuliweka kwenye jalada, na wengi waliliweka, wazuri kwa wabovu. Kwa hiyo neno Webster mgongoni halikwambii lolote hadi ufungue na kutazama nani alichapa, wapi, na haki za mwaka gani. Hii ya Upanga ni ya Merriam kweli. Ukingo wake una vikato vya nusu duara vya kuwekea kidole gumba, kila kimoja na herufi yake, na vile vya B na C vimekuwa vyeusi kwa jasho la vidole.

Jalada ni la ngozi na limeanza kuoza: ukiligusa, mkono unabaki na unga mwekundu. Ngozi za aina hii, za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, huoza hivyo kwa hewa chafu na joto, na hakuna mafuta ya kuiponya. Mafuta huifanya iwe nyeusi na kunata. Dawa ni kuifunga kwa kitambaa safi cha pamba na kuiacha ipumzike. Nikatoa khanga.

Kile kijikamusi cha Kigujarati kinanigusa kuliko Webster. Duka la Kihindi la Dar lilikuwa na daftari la hesabu kwa Kigujarati, wateja kwa Kiswahili, na barua za benki na forodha kwa Kiingereza. Kijana wa kazi alihitaji daraja la kuvukia jioni. Hiki kimekunjika mgongo kwa umbo la mfuko wa shati.

Jumatano: Mlimani

Mwendokasi hadi Ubungo, kisha daladala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikuwa na barua ya utambulisho kutoka shuleni kwangu, nikapata nafasi ya kusoma vitabu vya zamani maktabani. Mkusanyaji anayenunua tu bila kwenda kulinganisha na nakala zilizotunzwa anacheza bahati nasibu. Unahitaji kujua kitabu kamili kina kurasa ngapi, kilianza na dibaji gani, na nyuma kilimalizia na nini.

Leo nilikuwa na kamusi za lugha mbili. Edward Steere, askofu wa misheni ya Zanzibar, alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, na orodha zake za maneno ndizo zilizofungua njia. Kamusi ya Ludwig Krapf ikatoka London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. A. C. Madan, wa misheni ileile ya Steere, akatoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903.

Halafu inakuja ya Dar es Salaam. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ofisi yake ya kwanza ikiwa hapahapa mjini, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Jina moja na yule wa London, lakini hawana undugu. Yeye na kamati walichukua kazi ya Madan, wakaipanua, na mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili sanifu, moja kila upande. Johnson hakuziona, alifariki kabla hazijatoka. Kamati ile ilihamahama, Nairobi, Makerere, Mombasa, na miaka ya 1960 ikarudi Dar es Salaam, ikawa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na leo ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Wale waliotupa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* mwaka 1981 ni warithi wa ofisi ileile.

Hizi za 1939 zilichapwa tena na tena bila kubadilika, ndiyo maana muuzaji atakuonyesha “1939” na kuapa ni ya kwanza. Geuza ukurasa. Nyuma ya ukurasa wa jina kuna orodha ya miaka ya kurudiwa, na mwaka wa mwisho katika orodha ile ndio umri wa kitabu ulichoshika. Nimelinganisha dibaji, nimenakili hesabu za kurasa, na mchana ukaisha.

Alhamisi: Gerezani

Hii ndiyo siku niliyoijia, ingawa asubuhi sikujua.

Wauza makaratasi chakavu wa Gerezani wako nyuma ya karakana za vyuma. Unapita kati ya mafundi wanaochomelea mageti, cheche zinaruka, nyundo hazinyamazi, kisha unaingia kwenye banda la mabati lenye magunia hadi kwenye paa. Magazeti, daftari za shule, mafaili ya ofisi zilizofungwa, na vitabu. Vyote kwa kilo. Vinakwenda kufungia karanga, kutengeneza mifuko, vingine viwandani. Mama anayesimamia aliniambia kwamba tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019 karatasi imekuwa na wenyewe, haikai.

“Vitabu tunachana jalada kwanza,” akasema. “Jalada gumu halifai kufungia.”

Nikauliza majalada yanakwenda wapi. Akanionyesha rundo pembeni. Pale nilisimama muda mrefu, kwa sababu kwenye majalada yale ndimo mlikuwa na mihuri ya shule, namba za maktaba, na majina ya wenyewe. Kitabu kikivuliwa jalada, kinapoteza cheti chake cha kuzaliwa. Nilimweleza hivyo, na nilieleza kwa moyo wangu wote, naye akanisikiliza. Akamwita kijana wake akamwambia, “Mwache mwalimu apekue lile gunia la Jumanne, hatujalifungua.”

Kwanza nikapata kamusi isiyo na kichwa wala mkia. Hakuna jalada, hakuna ukurasa wa jina, inaanza katikati ya A na kuishia kwenye jedwali la nchi lililochanika. Mkusanyaji wa mnada angeipita. Mimi nilikaa nayo juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana kamusi ndicho kitabu pekee ninachokijua kinachoweza kutaja umri wake hata kikiwa kimekatwa kichwa.

Unaiuliza maswali. Je, ina *robot*? Neno hilo lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920 na kuingia Kiingereza miaka michache baadaye. Limo. Je, jedwali la nchi linasema Tanganyika? Waingereza waliliweka jina hilo mwaka 1920. Kabla yake ni Afrika Mashariki ya Kijerumani. Linasema Tanganyika. Je, kuna *penicillin*, ambalo Alexander Fleming alilibuni mwaka 1929? Halimo. Je, kuna *radar*, la mwaka 1940? Halimo.

Hapo lazima kuwa mwangalifu. Neno lililopo ni shahidi. Neno lisilokuwepo ni tetesi. Kamusi huchelewa, na wahariri huacha neno jipya nje miaka mingi wakisubiri kuona kama litakaa. Kwa hiyo ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba imechapwa baada ya mwanzo wa miaka ya 1920, na ninaweza kukisia kwamba ni kabla ya vita kuu ya pili. Karatasi inakubali: ni ile iliyotengenezwa kwa mbao, imekuwa ya kahawia ukingoni na inavunjika ukiikunja. Karatasi za kale za matambara, kama zile za Johnson wa 1755, hubaki nyeupe na laini kuliko hizi zilizozaliwa karibu karne mbili baadaye.

Nikaiweka pembeni yangu.

Chini kabisa ya gunia, ndani ya faili la kadibodi, kulikuwa na kitabu kidogo chenye jalada la kitambaa chekundu, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Nikafungua ukurasa wa jina. *The New Method English Dictionary*, ya Michael West na J. G. Endicott, Longmans.

Niliisoma habari yake miaka mingi kabla sijaiona. West alikuwa ofisa wa elimu Dhaka, Bengal, na aliumizwa na jambo ambalo kila mwalimu wa Kiingereza katika nchi zetu analijua: mtoto anafungua kamusi kutafuta neno asilolijua, na maelezo yake yana maneno mengine matano asiyoyajua. Akaamua kutunga kamusi ambayo maelezo yote yangetumia maneno 1,490 tu yaliyochaguliwa. Kwa maneno hayo machache yeye na Endicott wakaeleza maana za vidahizo na misemo kama 24,000. Ilitoka mwaka 1935, na kamusi za wanafunzi zinazotungwa leo kwa orodha ya maneno teule zinafuata njia ile. Sijui kitabu kingine cha Kiingereza cha zama hizo kilichomfikiria kwa dhati mtu asiyezaliwa na lugha hiyo.

Ndani ya jalada kuna muhuri wa mviringo wa shule ya misheni, umefifia. Chini yake majina ya wanafunzi, moja chini ya jingine, kila mmoja akilifuta la mwenzake kwa mstari mmoja wa heshima unaoacha jina lisomeke. Wino wa majina ya juu umegeuka kahawia. Jina la chini ni la kalamu ya bluu ya kawaida.

Halafu nikaona pembezoni.

Mmoja wao, kwa penseli iliyochongwa vizuri, ameandika Kiswahili kando ya vidahizo. Hakuandika kila mahali. Nilifuata kurasa: fuawe. Bawaba. Mvukuto. Tezo. Keekee. Msumeno wa kupasulia. Kwenye maneno ya mahakama hakugusa, kwenye maneno ya kanisa amegusa machache, lakini kila chombo cha seremala na cha mhunzi amekiandikia jina lake kwa mkono uleule ulionyooka. Mahali pawili amefuta na kuandika tena, akichagua neno jingine. Alikuwa anajifunza ufundi kwa Kiingereza huku akihakikisha kwamba maneno ya ufundi ya kwao hayapotei njiani. Akajitungia kamusi yake ndani ya kamusi ya West.

Wauzaji wa vitabu vya kale hupunguza bei kitabu kikiwa kimeandikwa. Wengine hufuta penseli kwa raba kabla ya kukiweka sokoni. Kwa vitabu vya hapa kwetu naomba wasifute kamwe. Nakala safi za West ziko katika maktaba za dunia. Ya huyu mwanafunzi iko moja.

“Shilingi ngapi mama?”

Akaviweka vyote viwili kwenye mizani. Nikamwomba asitumie mizani kwa kile chekundu. Nikamtajia bei yangu, akanitazama usoni kuona kama namaanisha, akaukunjua mkono.

Ijumaa

Mji ulikuwa mtulivu mchana kwa sala. Jioni nikamwona fundi wa kufunga vitabu karibu na Mnazi Mmoja, mzee wa miaka mingi kwenye kazi. Nilimtaka ushauri tu juu ya ile isiyo na kichwa. Alitaka kuikata kingo inyooke. Nikamwomba asiikate, kwa sababu ukikata kingo unakata na maandishi ya pembezoni. Tukakubaliana aishone ilivyo kwa uzi wa pamba, aibandike mgongo kwa uji wa ngano badala ya gundi ya plastiki, ili siku nyingine mtu akitaka kuifungua iweze kufunguka bila kuchanika. Alilipenda wazo la uji. Alisema ndivyo alivyofundishwa ujanani, na kwamba wateja wa siku hizi wanataka kikauke hapohapo.

Jumamosi: Kigamboni na Magomeni

Panton asubuhi kwenda Kigamboni kufuata habari ya sanduku la vitabu. Vilikuwa vya shule, vya miaka ya 1990. Nikanywa maji ya dafu, nikarudi.

Mchana ulikwenda kwenye kuvitunza nilivyopata, na hili ndilo linalowashinda wengi wanaokusanya Pwani. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na unyevunyevu ukizidi kama asilimia 65 kwa siku mfululizo, kuvu huota kwenye karatasi. Kitabu kilichokaa kwenye gunia la Gerezani usikiingize kabatini pamoja na wenzake. Kwanza kipanguse nje, barazani, kwa brashi, ukipeleka vumbi mbali na mgongo. Kikaushe kivulini penye upepo. Jua kali hupausha wino na kukausha gundi. Usikifunge kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu, maana hapo umekipikia kuvu. Na usibandike selotepu kwenye ukurasa uliochanika: baada ya miaka gundi yake hugeuka njano, huingia ndani ya karatasi, na haitoki tena.

Wadudu ni habari nyingine. Mende hula kitambaa cha jalada kwa ajili ya wanga, na mchwa hawana subira na chochote. Dada yangu amekubali kuniazima nafasi kwenye friza. Vitabu vikiwa vimekauka sawasawa, vimefungwa kwa karatasi kisha ndani ya mfuko usiopitisha hewa, vinakaa kwenye baridi ya digrii 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na wadudu pamoja na mayai yao wanakufa. Hapo plastiki ni lazima, kuzuia maji ya kuyeyuka yasilowanishe karatasi. Samaki wamehamishiwa droo ya juu. Kamusi ya West sikuiweka. Haina dalili ya mdudu, na ule uzi wa viatu sitaki uguswe na baridi.

Usiku nilinakili maneno yote ya penseli, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na yale mawili aliyoyabadilisha, nikiandika lipi lilikuwa la kwanza na lipi la pili. Nitampelekea nakala ya orodha hiyo mwalimu ninayemfahamu Mlimani, wanaoshughulika na msamiati wa ufundi waione.

Jumapili: Kurudi

Treni yangu ni ya jioni. Stesheni haiko mbali na Gerezani, nikapita kumuaga mama wa makaratasi, nikitumaini nitamkuta. Alikuwepo, anapiga hesabu za wiki. Kwenye meza yake ya mbao, mbali na mizani, alikuwa ameweka rundo dogo la vitabu vyenye majalada yake.

“Hivi kijana hajavichana,” akasema. “Nimemwambia vyenye majalada magumu vya Kiingereza vyote aviweke kwanza. Sasa nifundishe, nitajuaje ni kamusi?”

Nikamwonyesha: safu mbili kwa ukurasa, maneno meusi yaliyokoza mwanzoni mwa kila aya fupi, na neno juu kabisa ya ukurasa. Akafungua vitabu vitatu mwenyewe, akatenga kimoja. Ilikuwa kamusi ya shule ya miaka ya 1970, ya kawaida kabisa, na alikuwa sahihi.

“Na zisizo na jalada?”

“Hizo pia, mama. Hasa hizo.”

“Na zilizoandikwaandikwa?”

“Hizo unipigie simu siku hiyohiyo.”

Akaandika namba yangu ukutani kwa chaki, chini ya namba za wenye viwanda. Tukapatana na bei: karatasi ni ya kilo, kamusi ni ya kuongea. Kisha akanishika mkono kabla sijatoka. “Na za Kiarabu je? Zinakuja, kutoka nyumba za zamani za Kariakoo. Na moja ya Kijerumani ilikuja mwaka jana, ilikwenda na karanga.”

Nikamwambia zote aziweke. Nitarudi likizo ijayo.